Swali la Kumi na Tisa

Msimamizi wangu, Dk. Zairemi, ana sheria moja ambayo hataki mjadala juu yake: dodoso lolote unalotaka kumpelekea mtu, kwanza ulijaze wewe. "Ukiona haya kujibu mwenyewe, usimwonee mwenzako," alituambia siku ya kwanza ya darasa. Kwa hiyo jioni moja ya Oktoba nilikaa jikoni kwangu na kalamu, nikajihoji. Umri: thelathini na tisa. Kazi: mwalimu wa shule ya msingi, likizo ya masomo. Ndoa: hapana, na asanteni kwa kuuliza. Unaishi na nani: peke yangu, tangu mama afariki Julai mwaka jana. Nilikwenda vizuri mpaka swali la kumi na tisa, ambalo nilikuwa nimelitunga mwenyewe, na siku nilipolitunga nilijiona hodari kwelikweli. Linasema: Usipoonekana siku moja, ni nani atakayejua wa kwanza?

Nilikaa nalo mpaka chai ikapoa. Niliwapitisha watu kichwani mmoja mmoja. Mwalimu mkuu? Niko likizo, hanitarajii. Wanafunzi wenzangu? Wana miaka ishirini na miwili, wananiita dada Kimi, na wananikumbuka wakitaka nakala ya mihadhara. Mdogo wangu yuko Delhi, hupiga simu kila Jumapili baada ya ibada. Nikianguka Jumatatu, ana wiki nzima ya kuishi kwa raha. Niliruka swali hilo nikamalizia mengine. Nilijiambia nitalirudia, lakini nilijua nilikuwa najidanganya.

Nasomea shahada ya uzamili ya saikolojia ya jamii. Mtaani kwetu, wakisikia saikolojia wanadhani nitawasoma mawazo, na wakisikia jamii wanadhani nataka uenyekiti. Ninachochunguza ni kitu kidogo tu. Hapa Aizawl, mji wetu Wamizo milimani kaskazini-mashariki mwa India, mtu akifa, nyumba yake haiachwi. Kipaza sauti cha mtaa kinatangaza, na kabla maji ya chai hayajachemka vijana wameshafika: hawa wanachimba kaburi, hawa wanabeba mabenchi, na jioni sebule inajaa nyimbo mpaka kuta zinatoa jasho. Wengine wanalala hapohapo, usiku kadhaa, ili wafiwa wasiamke katika ukimya. Alipofariki mama, walikuja kwangu watu zaidi ya arobaini. Viatu vilijipanga kuanzia mlangoni hadi barabarani. Msichana nisiyemjua hata jina alinioshea masufuria siku tatu mfululizo. Sijawahi kushikwa vile na watu maishani mwangu.

Kisha wakabeba mabenchi yao wakaenda.

Nilipomweleza Dk. Zairemi habari hiyo kwa fahari, kwamba sisi huku hatuna mpweke, yeye aliuliza kitu kimoja tu. "Na siku ya kumi je?" Hivyo ndivyo nilivyopata mada. Wafiwa kumi na wawili, kila mmoja mahojiano matatu, tasnifu mezani mwisho wa Januari, kuitetea Aprili. Februari likizo yangu inakwisha na watoto arobaini na sita wa darasa la tatu wananisubiri.

Mshiriki namba saba alikuwa Pu Dengkhuma (kwetu Pu ni Bwana, Pi ni Bi), mzee wa miaka sabini na minane, dereva mstaafu wa lori. Nyumba yake iko juu ya barabara, yangu iko chini yake, na katikati kuna kona mbaya ambayo uzio wake uliporomoka wakati wa mvua. Mkewe alifariki Aprili. Mwanawe yuko Shillong. Jumanne ya kwanza nilimpa fomu ya kukubali kuhojiwa, akaishika mbali na macho yake kwa muda mrefu.

"Nitie sahihi kwamba nimekubali kuongea?"

"Ndiyo, Babu."

"Mimi nimekubali kuongea tangu nikiwa na mwaka mmoja na nusu. Hakuna aliyewahi kunidai sahihi."

"Ni utaratibu wa chuo."

"Na hapa umeniandika namba saba. Kwa nini?"

"Ili watu wasikujue."

"Mtaa mzima unanijua. Ni nani huyo asiyenijua unayenificha asinijue?" Akatia sahihi, herufi kubwa kama za ubavuni mwa lori. "Maswali mangapi?"

"Ishirini na manne."

"Na tukimaliza, anayefaulu ni nani, mimi au wewe?"

Alikuwa amechemsha magimbi na kuyafunika kwa jani la mgomba, na chai ya sukari guru ilikuwa tayari jikoni. Tuliongea kwa saa mbili. Kitabu cha mbinu za utafiti kinasema usile kwa mshiriki kama unaweza kuepuka. Aliyekiandika hajawahi kukataa magimbi ya mzee wa Kimizo akiwa ameketi mbele yake.

Jumanne ya pili tulifika swali la kumi na tisa. Nilimsomea huku nikiangalia karatasi badala ya uso wake. Alichukua funda la maji yake ya tumbaku, ambayo wazee wetu husukutua badala ya kuvuta, akalizungusha mdomoni, akalitema kwenye kopo.

"Kuanzia Jumatano hadi Jumatatu," alisema, "hakuna. Jumanne, wewe."

Niliandika.

"Na wewe?" akauliza.

"Mimi ndiye ninayeuliza, Babu."

"Hilo si jibu."

"Ni sheria za utafiti. Mtafiti hajibu."

"Basi utafiti ni kazi ya polisi," akasema, akanisogezea sahani.

Jumanne ya tatu tulimaliza. Nilizima simu niliyokuwa nikirekodia, nikamshukuru, nikavaa viatu mlangoni. Hapo ndipo nilipofanya kosa langu. Nilisema, "Haya Babu, Jumanne basi." Nilisema kwa mazoea, kwa kuwa ndivyo nilivyoagana naye wiki mbili zilizopita, na mdomo ukazoea. Lakini kwetu mtu akisema atakuja, sufuria linabandikwa. Sikulifikiria hilo. Nilikuwa nafikiria sura ya nne ya tasnifu.

Jumanne iliyofuata nilikuwa jikoni, nimevaa hedifoni, nikiandika maneno yake kutoka kwenye simu. Kazi hiyo ni ya kuchosha: unasikiliza sentensi, unasimamisha, unaandika, unarudisha nyuma. Nilikuwa nimezima mtandao wa simu ili mtu asinikatize, ingawa ukweli ni kwamba hakukuwa na mtu wa kunikatiza. Novemba kwetu giza linaingia mapema. Saa kumi na moja unusu tayari nilikuwa nimewasha taa. Nilifika swali la kumi na tisa. Nilisikia kopo likigonga meza, kisha sauti yake sikioni kabisa: "Jumanne, wewe." Nikarudisha. "Jumanne, wewe." Mara ya tatu sikuweza kuandika. Nilivua hedifoni nikaziweka mezani, na hapo nikasikia watu wanaliita jina langu.

Sauti zilitoka chini, korongoni. Nilifungua mlango wa jikoni nikatoka barazani. Huko chini kwenye mianzi palikuwa na tochi zisizohesabika, zinapanda na kushuka, na watu wanaitana huku na huku.

"Mnamtafuta nani?" nilipiga kelele.

"Kimi! Amepotea! Simu yake haipatikani!"

"Kimi yupi?"

"Mwalimu! Binti wa marehemu Pi Thangi!"

"Mimi hapa!"

Tochi zote zikageuka zikanimulika. Kijana mmoja akauliza kutoka gizani, "Sasa dada, huko ulikopotelea kuna chai?" Wakacheka mpaka mianzi ikatikisika. Mimi nilisimama nimeshika nguzo ya baraza.

Aliyepanda kunieleza ni Tluanga, katibu wa vijana wa mtaa, ambaye huuza saruji mchana na kusoma matangazo jioni. Suruali yake ilikuwa tope hadi mapajani. Habari yenyewe ilikuwa hivi. Pu Dengkhuma alinisubiri. Ilipopita saa kumi na moja akashuka mpaka kwangu, akakuta mlango wa barabarani, ule wa juu, una kufuli. Akahesabu hesabu yake: Kimi ameondoka kwake, kwangu hakufika, na katikati kuna kona ile isiyo na uzio. Mzee mwenye goti bovu akapanda ngazi mia moja na kitu mpaka chumba cha kipaza sauti, akafika hawezi kuongea kwa kuhema, akamwonyesha Tluanga korongo kwa kidole. Mtaa mzima ulitangaziwa. Watu waliacha sahani zao za wali mezani.

"Tumegonga mlango wako wa juu nusu saa, dada Kimi," Tluanga alisema. "Una kufuli kwa nje."

"Siutumii mlango wa juu. Napita huu wa jikoni."

"Tangu lini?"

"Tangu msiba."

Aliangalia viatu vyake. Huyu alilala sebuleni kwangu usiku wote wa matanga, kichwa chake kikiwa karibu na mlango huohuo. "Hatukujua," alisema.

Mwaka mmoja na miezi minne. Nyumba iko mteremkoni; sebule ya juu, inayotokea barabarani, ilikuwa ya mama, na baada ya mabenchi kuondoka sikuweza kuipita, nikaifunga, nikawa naishi jikoni na chumba cha nyuma, napita njia ya ngazi za korongoni. Watu sabini walikuwa tayari kuingia kwenye mianzi gizani kunitafuta, na hakuna hata mmoja aliyejua mlango ninaoutumia. Sikuwakasirikia. Nilitaka kulia na nilitaka kucheka, na badala yake nilibandika maji. Vikombe viliishia cha tisa, wakanywa kwa zamu wamesimama, wakatania, wakaondoka kuwaita wenzao waliokuwa wameshuka mbali zaidi. Jikoni zikabaki nyayo za tope. Sikupiga deki mpaka Ijumaa.

Alhamisi nilimsimulia Dk. Zairemi kisa chote kama kichekesho, nikiigiza na sauti. Hakucheka.

"Mzee huyo si mshiriki tena, Kimi. Unaliona hilo?"

"Mahojiano yalikuwa yameshakwisha."

"Kwako yamekwisha. Yeye ametoa mtaa mzima nje kwa sababu yako. Una njia mbili. Mbakize kwenye utafiti, na usikanyage kwake mpaka uitetee tasnifu Aprili. Au mtoe, utafute mfiwa mwingine, uanze naye upya."

"Nikianza upya sitamaliza Januari. Februari niko darasani na watoto."

"Najua."

"Na maneno yake ndiyo bora kuliko ya wote."

"Hilo pia najua. Nimeyasoma." Alivua miwani akaifuta kwa ncha ya shali. Si mtu mkali, ila hajui kukwepa. "Lile swali la kumi na tisa, wewe ulijibu nini?"

"Niliruka."

"Haya," alisema. "Kafikiri."

Ningependa kusema niliamua papo hapo. Sikuamua. Nilizunguka na jambo hilo siku mbili na nilipiga hesabu zote: Novemba hadi Aprili ni miezi mitano, mzee ameshazoea upweke, nitampelekea zawadi ya Krismasi kwa mkono wa mtu, naye ataelewa. Halafu nilikumbuka kwamba mimi ndiye niliyeandika, kwenye sura ya pili, kurasa sita nzima kuhusu watu wanaosema "ataelewa". Nikaona haya. Jumamosi nilipanda kwake kumwambia kwamba namtoa kwenye utafiti, ili niendelee kuja kama mtu wa kawaida.

Alifungua mlango akasimama katikati yake. Hakuniambia ingia. Jikoni nyuma yake sikusikia hata birika.

"Ulikuwa wapi siku ile?" aliuliza.

"Nyumbani, Babu."

"Kufuli lilikuwa mlangoni. Nililishika kwa mkono wangu huu."

"Ni kwamba ile nyumba..."

"Nimekuwa kichekesho. Kanisani wananiuliza, Pu Dengkhuma, leo umempoteza nani? Hata mchungaji ametabasamu, nimemwona. Nimeendesha lori miaka thelathini na mmoja njia ya Silchar, masika na kiangazi, sijapoteza gunia. Gunia moja sijapoteza!"

"Babu, kosa ni langu. Niliposema Jumanne..."

"Ulisema Jumanne."

"Ndiyo."

"Basi usije tena Jumanne. Una kazi zako. Kitabu chako kimekwisha." Akafunga mlango polepole, bila kuubamiza. Angeubamiza ningeona afadhali.

Jioni ile nilimwandikia Dk. Zairemi kwamba namtoa mshiriki namba saba. Msinipe sifa. Mzee alikuwa ameshanifukuza. Wema huo haukuwa na mtu wa kumfaa. Ila sikuweza tena kuandika "Jumanne, wewe" chini ya namba na kuiita matokeo, wakati Jumanne yenyewe nilikuwa nimeiharibu. Nilifuta faili lake. Kurasa arobaini na moja, ndizo zilizokuwa moyo wa tasnifu. Msimamizi alijibu kwa mstari mmoja, kwamba nitatetea Oktoba, na nisisahau kula.

Desemba ikaingia. Jumanne ya kwanza nilichemsha magimbi bila sababu yoyote ya maana. Simu niliiacha imewaka, hedifoni nilizifungia kwenye droo, na nilikaa jikoni na dirisha wazi kusikiliza matangazo. Tluanga alisoma kwamba kimeokotwa kiatu cha mtoto, mguu wa kushoto. Alisoma mazoezi ya kwaya. Nilisikia jokofu likiwaka na kuzima. Saa mbili nilikula magimbi mawili, yaliyobaki nikayatupa kwa kuku wa jirani, nikaingia kitandani mapema kama mgonjwa. Nilikuwa mpweke, basi; neno hilo nimelichambua kwa vitabu ishirini na kitu na halina siri yoyote. Ni kukaa umejiandaa na hakuna anayekuja.

Jumanne ya pili ilikuwa hivyohivyo, ila matangazo yalikuwa na jambo jipya: kesho yake alfajiri, kabla ya watu kwenda kazini, kila nyumba itoe mtu mmoja na jembe. Baada ya kisa changu, vijana walikuwa wameamua uzio wa kona ile urudishwe.

Kwa hiyo Jumatano, saa kumi na mbili asubuhi, nilibeba jembe la mama, nikazunguka na ngazi za korongoni hadi juu, nikatembea barabarani kuelekea kwenye kona. Sijui ni lini mara ya mwisho nilikuwa nimepita mbele ya nyumba yangu mwenyewe. Njia yangu ya kila siku hunitoa mbali, karibu na kituo cha teksi. Nilitazama mlango wa juu kwa bahati tu, kuona kama rangi imebanduka.

Kwenye kufuli palikuwa pamening'inia mifuko miwili ya plastiki.

Niliushika wa kwanza. Magimbi, meusi, yamenyauka, na msafara wa sisimizi unaingia na kutoka. Ya wiki nzima hayo. Mfuko wa pili ulikuwa mzito. Nilipoufungua harufu ya jani la mgomba ilinijia, na magimbi ndani yake yalikuwa bado na unyevu. Ya jana. Kwenye vumbi chini ya mlango palikuwa na vitobo vya ncha ya fimbo, vingi, vimesongamana mahali pamoja, vya mtu aliyesimama muda mrefu akihamisha uzito kutoka mguu huu hadi huu.

Alikuwa amenikataza nisiende kwake Jumanne. Hakusema kwamba yeye hatakuja. Jumanne mbili amegonga hapa, mimi nikiwa chini yake, sakafu moja tu katikati, kipaza sauti kikimfunika, nasikiliza matangazo na jokofu.

Tluanga alinikuta nimekaa kizingitini. Alikuwa na jembe begani na kipande cha mkate mdomoni. "Dada Kimi, mzee wako tulimwona jana hapa," alisema. "Tukamwambia agonge. Akasema ameshagonga."

"Na hamkumwambia kuhusu mlango wa chini?"

"Tulimwambia! Nilitaka hata kumshika mkono nimpeleke. Alikataa. Akasema mwenye nyumba ndiye anayemwambia mtu mlango ni upi, si majirani. Unamjua alivyo."

Namjua, na ana haki. Nimeongea naye kwa saa sita na zaidi, nimemuuliza analala saa ngapi na analilia nani, na sikumwambia hata kitu kidogo hicho.

"Ufunguo uko wapi?" Tluanga aliuliza.

"Sijui. Kwenye kopo la chai la mama, nadhani. Au sijui."

"Nivunje?"

"Vunja."

Alipiga mara tatu kwa kichwa cha jembe. Kufuli lilianguka vumbini pamoja na ule mfuko wa sisimizi. Mlango ulikwama kidogo, kisha ukafunguka, na mwanga wa barabarani ukaingia sebuleni kwa mama mpaka kwenye kiti chake. Vumbi lilikuwa nene. Hapakuwa na kingine cha kuogopa. Nilikula magimbi ya jana yote, nimesimama palepale mlangoni, watu wenye majembe wakipita wananiangalia, mmoja akiniuliza kama nimefungua hoteli. Kisha nikamwambia Tluanga kwamba nyumba yangu leo haitoi mtu wa jembe, aniandike mtoro, nikapanda kwa Pu Dengkhuma.

Mlango wake ulikuwa wazi. Alikuwa anapuliza moto, mgongo kwangu.

"Leo ni Jumatano," alisema bila kugeuka.

"Najua. Nimekuja kukuambia mlango ni upi."

Akaacha kupuliza.

"Nilikuwa napita wa chini, Babu. Tangu mama afariki. Siku ile nilikuwa ndani kweli, nakusikiliza wewe kwenye simu. Wa chini una ngazi sitini na mbili na goti lako halitaki. Kuanzia leo mlango ni wa juu. Kufuli limevunjwa."

"Goti langu limekuja kwako kulalamika?"

"Hapana."

"Basi liache." Alichukua muda kupanga kuni ambazo zilikuwa zimepangika. "Magimbi ulikula?"

"Ya jana nimekula yote."

"Na yale ya kwanza?"

"Sisimizi."

"Hm," alisema. "Wao angalau waliujua mlango."

Nilicheka, na kicheko kikageuka katikati kikawa kilio, nikakaa kwenye kigoda cha mkewe kabla sijaambiwa. Yeye alijifanya haoni. Alimimina chai, akaikoroga sana, akaiweka karibu na mguu wangu.

"Na kitabu?" aliuliza baadaye.

"Nimekutoa. Wewe si namba saba tena."

"Nimefeli?"

"Umefeli, Babu."

"Na wewe?"

"Mimi nimefeli miezi sita."

Aliitikia kwa kichwa taratibu kama mtu aliyesikia bei nafuu. "Kunywa chai," alisema. "Na Jumanne usichelewe. Au nije mimi?"

"Njoo wewe. Nimeuacha mlango wazi."

Jioni hiyo niliitafuta ile karatasi yangu ya majaribio ya Oktoba. Ilikuwa chini ya rundo la vitabu, na doa la chai pembeni. Majibu yote yapo, isipokuwa moja. Niliandika kwa kalamu ya wino jina lake, Dengkhuma, na mbele yake nikaandika Jumanne. Siku sita zilizobaki nimeziacha wazi.